Bia haiongezi maziwa ya mama
Mzazi akilalamika kuwa maziwa hayatoki, mashangazi hawakosi dawa: glasi ya bia, au kikombe cha pombe ya kienyeji. Nia ni njema, lakini kileo hupunguza homoni inayosukuma maziwa yatoke, na kinaingia kwenye maziwa kama kilivyo kwenye damu. Kukamua na kumwaga hakukiondoi haraka. Ni muda tu. Aliyekunywa glasi moja asubiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha.

Kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku pia. Mama naye ale ashibe: uji, mtori, maharage, dagaa, mchicha. Chai isiandamane na mlo, maana hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma.