Kompyuta Kuukuu Ikikwama kwenye Video: Tuipime Kabla ya Kuitupa

Siku za karibuni wazazi kadhaa wa mitaa yetu ya Jangwani na Kariakoo wametujia na swali moja. Nyumbani ipo kompyuta ya siku nyingi. Kuandika barua inaweza na kusoma maandishi inaweza, lakini kijana akifungua video ya somo la Fizikia, au mama akifungua darsa, picha hukatika, sauti hurudia neno moja, kisha mashine yote huganda mpaka izimwe kwa nguvu. Mama mmoja mjane alikwisha kuambiwa na fundi kwamba mashine yake “imekufa”, naye akawa tayari kuzitoa fedha alizoweka kwa ajili ya ada ya mwanawe wa kidato cha nne ili anunue nyingine. Tulimwomba asubiri siku mbili. Nasi katika kamati ya msikiti tulikuwa na swali hilo hilo juu ya kompyuta ya darasa la akina mama, inayotunzwa kwa sadaka za waumini. Fedha ya ada ni amana, na fedha ya sadaka ni amana. Haifai kuitumia kabla ya kujua ugonjwa ni upi.

Jambo la kwanza ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kukwama kwa mtandao na kukwama kwa mashine. Mtandao ukiwa dhaifu, katikati ya video huonekana duara linalozunguka, lakini kishale cha kipanya hutembea vizuri na programu nyingine hufunguka. Mashine ikielemewa, kishale chenyewe huruka-ruka, sauti hukwaruza, na feni hunguruma. Kipimo chake ni chepesi. Chezeni video hiyo hiyo kwenye simu kwa bando hilo hilo. Kisha chezeni kwenye kompyuta video iliyokwisha kuhifadhiwa ndani yake. Ikiwa simu nayo inasuasua, tatizo ni mtandao. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Siku kama ile, hata kompyuta iliyotoka dukani asubuhi isingefaa kitu.

Ikiwa simu inacheza vizuri na kompyuta inaganda, basi tuitazame kompyuta. Kwa wenye Windows, acheni video ikicheza, kisha bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Hufunguka dirisha linaloonyesha asilimia ya kazi inayofanywa na prosesa, ramu na diski. Asilimia hizo tatu ndizo zinazotuelekeza.

Prosesa ikiwa karibu na 100, sababu mara nyingi ni namna video ilivyofungashwa. Video haiji ikiwa picha kamili; huja imebanwa, na kompyuta huifumua palepale inapoicheza. Mfumo wa ubanaji uitwao H.264 ulitoka mwaka 2003, na kompyuta nyingi za zamani zina kifaa maalumu ndani yake cha kuufumua. Baadaye ukaja VP9 mwaka 2013, kisha AV1 mwaka 2018. Hii hupunguza matumizi ya bando, lakini mashine ya zamani haina kifaa cha kuifumua, hivyo mzigo wote humwangukia prosesa. Kwa upande wa Intel, kifaa kamili cha VP9 kilikuja na Core za kizazi cha 7, mwaka 2016. Mashine ya kabla ya hapo si mbovu. Imepewa kazi ambayo haikuandaliwa kuifanya.

Dawa yake ya kwanza haina gharama. Punguzeni ubora wa video kwa kubonyeza alama ya gurudumu lenye meno iliyo chini ya picha. Picha ya 1080 ina nukta 2,073,600, na ile ya 360 ina nukta 230,400, yaani mzigo unapungua mara 9. Kwa darsa la mtu mmoja aliyeketi anazungumza, 360 inatosha. Kwa somo lenye maandishi ubaoni, wekeni 480. Dawa ya pili, kwa wanaotumia Firefox, ni nyongeza ndogo ya bure iitwayo enhanced-h264ify, ambayo huiambia YouTube ilete video katika mfumo ule wa zamani ambao mashine inaumudu.

Ikiwa ni ramu iliyofika 90 na zaidi, kurasa zilizofunguliwa zimezidi uwezo. Kompyuta yenye ramu ya GB 2 haiwezi kubeba kurasa kumi na video juu yake. Ramu ikijaa, kompyuta huanza kuitumia diski kana kwamba ni ramu, na diski ya kuzunguka ni nzito mno kwa kazi hiyo. Hapo ndipo mashine huganda kabisa. Fungeni kurasa zote isipokuwa ya video, na zuieni programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka. Kompyuta ya darasa letu la akina mama ugonjwa wake ulikuwa huu. Tuliiongezea ramu ikafika GB 4, na darsa sasa linaendelea mpaka mwisho. Mwenye kununua ajue kwamba ramu ya DDR2 haiingii penye DDR3. Afadhali kubeba ile ya zamani mkononi hadi dukani na kuomba ya aina yake.

Ikiwa diski ndiyo iliyofika 100 na haishuki, ilhali ramu ina nafasi, huenda diski yenyewe inachakaa. Hapo nakilini kwanza picha, vyeti na maandishi ya familia mahali pengine, kabla ya kufanya jambo lolote. Kuibadilisha kwa diski ya SSD huifanya kompyuta iwake na kufungua programu kwa wepesi, ila mjue kwamba haimpunguzii prosesa ile kazi ya kufumua video.

Yapo mambo mengine mawili yasiyoonekana katika asilimia hizo. La kwanza ni joto. Mitaa yetu ina vumbi, na hali ya hewa ya pwani ni ya joto na unyevu. Vumbi likiziba feni, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na video iliyocheza vizuri kwa dakika kumi huanza kukatika. Kompyuta ya yule mama mjane ilikuwa na feni iliyofungwa na vumbi kama pamba. Ilisafishwa, krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa ikapakwa upya, ubora wa video ukashushwa hadi 480, na ada ya kijana ikabaki ilipo. Mnaposafisha, chomoeni umeme kwanza, na izuieni feni kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza. Wala msiweke laptopu juu ya kitanda au mto inapofanya kazi. Na kwa wenzetu wa bondeni, mashine iliyowahi kuingiwa na maji ya mafuriko isiwashwe kwa kujaribu. Ifunguliwe na kukaushwa na fundi kwanza.

La pili ni uzee wa programu. Windows 7 iliacha kuhudumiwa Januari 14, 2020, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kivinjari cha Chrome kiliacha kupokea matoleo mapya kwenye Windows 7 tangu mwanzoni mwa 2023. Mashine isiyoweza Windows mpya inaweza kuwekewa Linux Mint ya Xfce, ambayo ni ya bure na huenda hata kwa ramu ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Aidha, Flash ilikoma mwisho wa 2020. Ukurasa wowote unaomtaka mtoto wenu apakue Flash ili aone video ni mtego wa wezi; ufungwe mara moja.

Iwapo mmeyafanya haya yote na mashine bado inaganda, ingieni katika mipangilio ya kivinjari, mzime kile kipengele cha kutumia kadi ya picha kuharakisha kazi, kisha mjaribu tena. Programu ya kuendesha kadi ya zamani mara nyingine ndiyo inayoigandisha mashine. Isipobadilika, kirudisheni kama kilivyokuwa.

Baada ya hapo ndipo kwa fundi. Mafundi wetu wa Kariakoo wengi ni watu waaminifu na wenye ujuzi, na kumdhania fundi vibaya si tabia njema. Lakini kumwomba akuonyeshe si kumdhania vibaya. Akisema ramu imeharibika, aonyeshe mashine ikifanya kazi kwa ramu nyingine. Akibadilisha diski, ombeni ile ya zamani mrudi nayo nyumbani. Hili tunalisisitiza kwa sababu ya stara. Ndani ya diski zimo picha za mama zetu na dada zetu walizopiga wakiwa ndani ya nyumba zao, na kufuta tu hakutoshi, kwani kilichofutwa kwa njia ya kawaida kinaweza kurudishwa. Vivyo hivyo kwa anayeuza kompyuta ya zamani au kuitoa sadaka: aitoe diski kwanza, au aifutishe kabisa mbele ya macho yake.

Kununua mpya si haramu, na kuna mashine ambayo wakati wake umekwisha. Ikiwa gharama ya ramu, diski na ufundi inakaribia bei ya kompyuta nyingine iliyotumika lakini ya miaka ya karibuni, basi kununua ndiyo busara. Ulizeni bei katika maduka matatu, jumlisheni kwenye karatasi, kisha baba, mama na watoto wakubwa mketi mshauriane. Kwa kamati za misikiti na madrasa, karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na risiti, ili muumini aliyetoa shilingi yake akiuliza, aonyeshwe.

Wabillahi tawfiiq.