Kutoa ni moyo, si wingi wa mali

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno 'usambe' huwatatiza vijana wengi siku hizi, ilhali maana yake ni 'usiseme'. Linatokana na kitenzi cha kale 'kuamba', ambacho kingali hai katika neno 'kwamba'. Wazee hao, basi, hawakutuhimiza tu tuwe wakarimu, walitukataza kisingizio. Mtu asiseme kwamba hatoi kwa kuwa si tajiri.

Kisingizio hicho kimetuzoea. Katika harambee zetu, jina la aliyechanga malaki hutangazwa kwa kipaza sauti na kupigiwa makofi, naye mama aliyefungua pembe ya leso yake akatoa shilingi hamsini hutajwa kwa haraka, kama atatajwa. Si ajabu kwamba wengi wetu tusio na malaki tumejitoa katika safu ya wafadhili, tukidhani kuwa kidogo tulicho nacho hakiwezi kumfaa mtu.

Kisa cha Bw Chris Mburu chatosha kutukosoa. Katika miaka ya 1970 alikuwa mtoto wa jamaa maskini katika kijiji cha Mitahato, Kiambu. Darasani alikuwa hodari, lakini karo ilikuwa mlima usiopandika. Aliyemnusuru hakuwa waziri wala mfanyabiashara mashuhuri. Alikuwa Bi Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo nchini Uswidi, ambaye kupitia mpango wa ufadhili alikuwa akituma takriban dola 15 kila muhula kwa ajili ya mtoto asiyewahi kumwona. Mtoto huyo alifika Chuo Kikuu cha Nairobi akasomea sheria, akaendelea hadi Harvard nchini Marekani, na baadaye akawa mtetezi wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa.

Bi Back mwenyewe alizaliwa Ujerumani katika jamaa ya Kiyahudi. Utawala wa Wanazi ulimfungia mlango wa shule kwa sababu ya asili yake. Alikimbilia Uswidi akiwa msichana, nao wazazi wake wakaangamia katika kambi za mateso. Huyo aliyenyimwa masomo ndiye aliyemlipia mwingine masomo. Angetaka kuwa na kinyongo na ulimwengu, nani angemlaumu?

Naye Bw Mburu hakuiacha fadhila hiyo ikomee kwake. Alianzisha hazina ya kuwasomesha watoto werevu wasiojiweza, akaipa jina la Hilde Back kabla hata ya kujua aliko mama huyo. Alipotafutwa akapatikana, kumbe hakuwa na habari kuwa fedha zake chache zilikuwa zimezaa makubwa kiasi hicho. Kisa chao kilisimuliwa katika filamu ya A Small Act, iliyotolewa mwaka wa 2010.

Kwa maoni yangu, siri ya msaada huo haikuwa kiasi chake bali uaminifu wake. Ulikuja muhula baada ya muhula. Mchango wa malaki unaotolewa siku moja mbele ya halaiki waweza kujenga ukuta wa darasa, lakini hauwezi kumhakikishia mtoto mmoja kwamba muhula ujao pia atakuwa ndani ya kuta hizo.

Yamkini msomaji atasema kuwa elimu ni wajibu wa serikali. Sipingi. Masomo ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure mwaka wa 2003, na mwaka wa 2008 serikali ikaanza kugharamia mafunzo katika shule za upili za kutwa. Hata hivyo, ruzuku hiyo haimnunulii mtoto sare, viatu, sodo wala mafuta ya taa ya kusomea usiku. Kuidai serikali itimize wajibu wake ni haki yetu. Kumwacha mtoto wa jirani akae nyumbani tukisubiri itimize, huo ni ukatili.

Kwa hivyo, kabla ya kungoja siku tutakayotajirika, na tutazame karibu. Mwenye duka amjua mtoto anayekuja kukopa kalamu. Mwalimu amjua anayesinzia kwa njaa. Sisi wa vyuoni tunamjua mwanafunzi anayeanza kukosa mihadhara kadiri mtihani unavyokaribia. Kila mmoja wetu na amchague mmoja tu, ampe kidogo asichoshindwa kukitoa tena mwezi ujao, na asimtangaze.

Huenda tusiyaone matunda yake. Bi Back naye aliishi miaka mingi bila kuyaona. Wema hauozi, hata pale aliyeutenda asipojua ulikoota.