Mkandaji na Mtaalamu wa Viungo Chumba Kimoja

Wiki hii twazungumzia ugomvi wa kimyakimya ambao nyumba nyingi za pwani zaujua, ule unaozuka mgonjwa wa kiharusi anaporudishwa nyumbani. Upande mmoja husimama wazee na mkandaji wao, chupa ya mafuta ya nazi mkononi. Upande wa pili husimama vijana na karatasi ya hospitali yenye siku za mazoezi. Mgonjwa yuko kati, na siku zake zapita.

Tuliushuhudia katika nyumba moja iliyo karibu nasi. Bi mkubwa wa nyumba ile aliamka alfajiri, mkono na mguu wake wa kushoto haimtii. Alipotoka hospitali, dada yake alimletea mkandaji, mwanamke mwenye sifa ya miaka mingi, akawa anamkanda asubuhi na jioni. Bi mkubwa alipata usingizi, maumivu ya mgongo yakapungua, na kila aliyekwenda kumzuru alisema, "Mwacheni apumzike." Nasi, twakiri, tulikuwa miongoni mwa waliosema hivyo. Wiki 6 zikapita hajasimama kwa miguu yake hata mara moja.

Kosa letu lilikuwa hili. Kiharusi hakiharibu misuli ya mkono wala ya mguu. Huharibu sehemu ya ubongo inayoitawala. Ubongo waweza kutafuta njia mpya badala ya zile zilizokatika, lakini huzipata kwa kutumiwa: mgonjwa ajaribu mwenyewe tendo lile lile mara nyingi, leo na kesho na kesho kutwa. Sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ingawa mlango haufungwi baada ya hapo. Mkono wa mtu mwingine, hata uwe mwepesi kiasi gani, hauwezi kumfanyia mgonjwa kazi hiyo.

Je, mkandaji afukuzwe? La, hasha. Fani hizi mbili ni ndugu wa damu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza mazoezi na kukanda kwa kufuatana katika Al-Qanun, kitabu chake cha utabibu. Na huko Uingereza, chama cha leo cha wataalamu wa tiba ya viungo kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne, kwa jina la chama cha wakandaji. Wanaodhani kwamba kukanda ni ushamba na mazoezi ndiyo elimu wameisahau nasaba.

Kukanda hulegeza misuli iliyokaza, hutuliza maumivu na humpunguzia mgonjwa hofu. Ila faida hiyo haidumu saa nyingi. Kwa hiyo yafaa kukanda kutangulie, na mwili ukiisha kulegea mazoezi yafuate papo hapo. Ndivyo ilivyofanyika katika nyumba ile. Mtaalamu wa viungo aliomba mkandaji awepo siku ya ziara yake. Siku ya kwanza walitazamana kama wake wenza. Siku ya tatu walikuwa wamegawana kazi: mkandaji dakika 15 za mgongo, paja na kiganja, kisha Bi mkubwa ainuke kitini mara 10, akunje leso kwa mikono miwili, asogeze kikombe kutoka ukingo huu wa sinia hadi ule. Alipoulizwa anataka nini hasa, hakusema kutembea. Alisema anataka kuswali kwa kusimama.

Mtaalamu naye alifunzwa. Mkandaji ndiye aliyeng'amua kwamba mwili wa bibi hukaza zaidi akisimamishwa bila mtu ubavuni, na hulegea binti yake akisimama kushoto kwake. Kilichokuwa kikimkaza, kwa sehemu, ni hofu ya kuanguka. Tangu hapo hakusimamishwa ila binti yupo.

Iko mipaka ya kuchungwa. Bega la upande uliopooza lisivutwe kamwe, kwa kuwa misuli inayolishikilia imelegea na kiungo huweza kuteguka. Kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono ni kosa letu sote tunaouguza, si la wakandaji peke yao. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, lisikandwe: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na pande lake laweza kusafiri hadi mapafuni. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kuhusu hijama, ambayo wengi wetu twaipenda, daktari aulizwe kwanza, maana wagonjwa wengi wa kiharusi humeza dawa za kuzuia damu kuganda, na ngozi ikichanjwa damu hukawia kukatika. Maji ya moto nayo yapimwe kwa mkono wa mtu mzima wa afya. Upande uliopotewa na hisi haujui kwamba unaungua.

Gharama twaijua. Si kila nyumba iwezayo kumlipa mtaalamu mara tatu kwa wiki. Basi akija mara moja, mwombeni awafundishe mazoezi ya siku zilizobaki, na mkandaji awepo akisikiliza. Msione haya kumuuliza leseni: kwa sheria ya mwaka 2014, wataalamu hao nchini Kenya wana baraza linalowasajili.

Sasa ni mwezi wa saba. Mkono wa Bi mkubwa haujawa kama zamani, na sindano bado hutungiwa uzi na mjukuu. Rakaa mbili za alfajiri huziswali kwa kusimama, kiti kikiwa nyuma yake na binti ubavuni. Za adhuhuri bado huketi. Na mkandaji afikapo siku ya Jumatano hukuta leso zimekwisha kukunjwa.