Zile picha sitazipeleka

Najua nimepotea. Shifti za usiku zimenibana mwezi mzima, nikirudi nyumbani ni kitanda tu. Lakini mimi mzima, namshukuru Mungu.

Leo sina habari za barafu wala za bei ya nauli. Nina la moyoni, na baadhi yenu litawaudhi. Naomba mnivumilie hadi mwisho ndipo mnigombeze.

Wiki iliyopita mzee mmoja wa usharika wetu, mtu ninayemheshimu kama baba, alinitumia picha 11 kwa WhatsApp. Paa la kanisa linavuja, hilo nalijua. Lakini picha za paa ni mbili tu. Tisa ni za watoto: wako peku, wana makamasi, mmoja kashika sahani tupu na kuangalia kamera kama yatima. Ujumbe ulisema: "Mwanangu, wapelekee hao wamisionari majirani zako. Wazungu wakiona hizi hawatakataa."

Jamani, yule wa sahani ni mtoto wa binamu yangu! Baba yake ana ng'ombe na duka la pembejeo. Viatu anavyo, nilivituma mimi mwenyewe.

Jibu langu ni hapana. Shikamoo Mzee, nisamehe, lakini ni hapana. Na sababu nimeijifunza kwa hao hao wamisionari.

Kwa ambao hamkusoma niliyoandika zamani: ninaishi Phillips, mtaa ulio kusini kidogo ya katikati ya jiji la Minneapolis. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini. Tuko Wasomali, Wamexico, Wamarekani weusi, sisi wabeba boksi wa kutoka kila pembe ya Afrika, na wenye nchi yao ya asili, Waojibwe na Wadakota, ambao wana makazi yao ya Little Earth hapa hapa tangu 1973. Mwaka 2018 familia moja ya Kizungu iliuza nyumba yake pembeni ya jiji na kununua nyumba kuukuu mlango wa tatu kutoka kwetu. Baba, mama, watoto wanne. Wanaishi kwa michango ya wafadhili wao, na kila mwezi wanawaandikia barua ya taarifa. Walipojitambulisha walisema wamekuja kujenga jumuiya.

Nilicheka kimoyomoyo, na nitawaambia kwa nini.

Mnajua nani aliukuza Ulutheri Iramba. Wamisionari wa Augustana, Wamarekani wenye asili ya Sweden, walifika kwetu miaka ya 1920. Hospitali ya Kiomboi ni kazi yao, chuo cha ualimu Kinampanda ni kazi yao. Sasa, makao makuu ya kanisa hilo la Augustana, kabla halijaungana na mengine mwaka 1962, yalikuwa wapi? Yalikuwa Minneapolis, Park Avenue. Na Park Avenue inapita humu humu Phillips, natembea kwa miguu nafika. Yaani mtaa uliotupelekea sisi wamisionari, leo na wenyewe unaletewa wamisionari. Siku nilipolijua hilo nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu.

Jambo la pili lililonichekesha ni hilo neno "kujenga". Sisi tumelelewa ndani ya jumuiya. Wiki hii inasali kwa fulani, wiki ijayo kwa mwingine. Mtu akiugua mnajua, akifiwa mnalala matanga, akijifungua mnapeleka uji. Hakuna mgeni aliyekuja na saruji akatujengea. Ni madeni tu ya miaka mingi: mlinizika baba, nami nitawazika wenu.

Hata hapa hawakukosa hayo. Ng'ambo ya mto, Saint Paul, kulikuwa na mtaa wa watu weusi ukiitwa Rondo. Ulikuwa na makanisa yake, maduka yake, vilabu vyake. Kati ya 1956 na 1968 serikali ikapitisha barabara kuu ya I-94 katikati yake. Mamia ya familia zikahamishwa. Mwaka 2015 ndipo meya wa Saint Paul na mkuu wa idara ya barabara ya jimbo walipoomba radhi hadharani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mtaa wa maskini hauna jumuiya, muulize kwanza nani aliivunja, na muulize kama amebisha hodi akahakikisha kweli haipo.

Turudi kwa majirani zangu. Sitaki kuwasema kwa ubaya tu, itakuwa uongo. Mei 25, 2020 polisi walimuua George Floyd, na siku chache baadaye Lake Street ikawaka moto. Maduka ya chakula yakafungwa, mabasi yakasimama, wasio na magari wakabaki hivi hivi. Ile familia haikuondoka. Yule baba alikesha nje na majirani wakiwa na mipira ya maji, wakilinda nyumba zisishike moto. Mimi? Mimi mwenye kusema sana nilikimbilia Brooklyn Park kwa ndugu zetu, nikalala huko siku tatu. Nimekiri.

Lakini kuna kitu walikuwa hawakiwezi, nacho ni kuomba. Januari 2019 baridi ilishuka hapa hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Mashine yao ya kupasha joto nyumba ikafa usiku. Na watoto wanne! Hawakugonga mlango wa mtu. Waliingia kwenye gari wakaenda hotelini. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kisomali aliyekaa Eastleigh, Nairobi, miaka mingi, alipopata habari asubuhi aliumia kweli. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Sisi tuko hapa na blanketi, tuko na chai, na wao wanaenda kulipa hoteli? Kwani sisi ni nani kwao?"

Jibu la swali lake lilikuja mwaka 2021. Mfanyakazi mwenzangu, anayesali kanisa moja la huko pembezoni, alinionyesha kwenye simu barua ya taarifa. "Hawa si wa mtaani kwenu?" Nikasoma. Kulikuwa na picha ya yule mama akibeba mifuko ya chakula, na chini yake maneno kwamba ni mjane mpweke, hana mtu, tunaomba mzidi kutuchangia ili tumfikie.

Mpweke! Huyu mama ndiye anayeshika pesa za upatu wa jengo zima. Wasomali wanauita ayuuto. Kila mwezi mnatoa, kila mwezi mmoja anapokea, hakuna riba. Upatu huo umelipa kodi za watu waliofukuzwa kazi, umesafirisha watu kwenda kuzika. Na ile mifuko haikuwa yake. Alikuwa akiwapelekea vikongwe watatu wasioweza kushuka ngazi. Kamera ilimkuta akigawa, barua ikaandika anapokea.

Nilimpelekea. Sikujua kama nafanya vyema. Alisoma polepole, akanirudishia simu, akasema, "Mimi ni maskini wa nani?" Miezi miwili hakuwasalimia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa naongea kama nesi. Kazini nikipiga picha ya mgonjwa bila ridhaa yake, kazi sina. Tena mgonjwa akiingia wodini siandiki ugonjwa peke yake. Naandika na anachoweza: anakula mwenyewe? anageuka mwenyewe? anafika chooni? Kwa nini? Kwa sababu ukimfanyia mgonjwa kila kitu anachoweza kufanya mwenyewe, misuli inanywea, na anatoka hospitali akiwa dhaifu kuliko alivyoingia. Barua ile ilikuwa faili la mgonjwa lililoandikwa ugonjwa tu. Wafadhili wakisoma faili kama hilo mwaka hadi mwaka wataleta nini zaidi ya mifuko?

Msidhani nasema haiwezekani. Phillips hii hii, mwaka 1977, masista wa Mtakatifu Yosefu walifungua nyumba ya kuwapokea wanawake na watoto wasio na pa kulala, wakaiita St. Joseph's House. Masista hao si wageni: wanne wa kwanza walifika Saint Paul 1851, na mwaka 1853 wakaanzisha hospitali, ya kwanza Minnesota. Kazi ile ya Phillips haikubaki kugawa vitanda vya usiku. Baadaye makao yale yalifungwa, na ikawa Hope Community: nyumba za kupanga za bei nafuu kuzunguka Franklin na Portland, na vikao vya kuwasikiliza wakazi wenyewe wanataka nini. Somo ninalolipata hapo ni hili: mwenye kitanda cha usiku umempa usiku mmoja, lakini mwenye nyumba na sauti ni jirani yako, na jirani anaweza kukukatalia.

Na majirani zangu je? Mwisho wake ulinishangaza. Nilimwambia yule mke, kwa aibu, kwamba barua imesomwa. Alilia, nami sikumbembeleza. Siku ya tatu alishuka peke yake kwa mama wa chini. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kunywa chai. Akaomba radhi. Yule mama alimtazama kitambo kirefu, kisha akasema: "Sawa. Upatu unaanza mwezi ujao. Ni dola mia moja. Ukichelewa nakuja kwako na kelele."

Basi, mahubiri yakaishia hapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miaka mitatu wale watu walikuwa wageni kwa sababu hakuna aliyewapa jembe, na wao hawakuliomba. Siku alipoanza kudaiwa mia moja kila mwezi ndipo alipokuwa jirani. Ilipofika zamu yake ya kupokea walitengeneza bomba za maji za nyumba yao, kwa pesa za Wasomali, za Wamexico, na zangu. Hilo kwenye barua ya wafadhili sijaliona mpaka leo. Na bado tunabishana nao. Mimi sikubali wanavyomwombea yule mama abadili dini huku wanakula sambusa zake. Nimewaambia. Tunabishana kama majirani.

Sasa, Mzee wangu, umeona kwa nini picha siwezi kuzipeleka? Niliyemgombeza mwenzangu kwa picha moja, leo nimpelekee tisa? Na hizi ni mbaya zaidi, maana ile ilipigwa na mgeni asiyetujua. Hizi tumejipiga wenyewe. Tumemvua mtoto wetu viatu, tukamnyang'anya chakula kwenye sahani, ili mtu wa mbali atuone hatuna mtu. Mtoto huyo atakua. Ipo siku ataiona picha hiyo mahali, na atauliza kama alivyouliza yule mama: mimi ni maskini wa nani?

Msiniambie kwamba nimeshiba Marekani ndiyo maana nasahau shida. Shida ipo, paa linavuja, sijakataa. Wala sisemi tusiwaombe wazungu kitu. Tangu 1987 Walutheri wa Saint Paul na wenzetu wa Dayosisi ya Iringa wana ushirika wao, na waliuita Bega kwa Bega, kwa Kiswahili hicho hicho. Jina zuri, nalo lina masharti: bega haliwi bega kama mmoja amepiga magoti mbele ya kamera.

Nifanyieni hivi. Fundi apande juu apime. Nitumieni makadirio: mabati mangapi, geji ngapi, mbao, misumari, ufundi. Andikeni na mlichonacho tayari: mchanga wa nani, trekta la nani, vijana wangapi wa kwaya watabeba. Kila jumuiya iandike ahadi yake, hata kama ni debe la mahindi. Mimi naanza na mabati 20. Karatasi hiyo ikija, pamoja na zile picha mbili za paa, nitaibeba kwa mkono wangu hadi mlango wa tatu. Nitawaambia hawa ni watu wangu, wamefika hapa, wamebakiza hapa, mnaingia zamu ya ngapi?

Na wakitoa, nasi tutadaiwa. Yule mke ameshaniuliza mara mbili jinsi jumuiya zetu zinavyokaa na mgonjwa anayekaribia kufa, maana hapa wengi wanakufa peke yao, nayaona kila wiki kazini. Hilo tunaliweza sisi. Mkiwapokea siku moja Kiomboi, siku mbili za kwanza wapikieni kuku. Ya tatu mnajua.

Mama Mdogo, usimfokee Mzee kwa ajili yangu, mwambie tu nampenda. Na yule mtoto wa sahani mvalisheni viatu vyake, mnipigie picha nimwone.

Wenu, wa Phillips.