Damu ya Mtoto Mchanga Ipimwe Amonia

Mtoto huzaliwa mzima, akanyonya vema, jamaa wakafurahi. Siku ya pili au ya tatu hulegea, hukataa ziwa, hutapika, hupumua mbio, kisha hupoteza fahamu. Mara nyingi hudhaniwa kuwa vijidudu vimeingia katika damu. Akitibiwa vijidudu peke yake huweza kufariki, na lawama humwangukia mama.

Hapana budi tukumbuke ugonjwa mwingine. Mwili unapotumia protini hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa yurea, ikatoka kwa mkojo. Mtoto aliyerithi upungufu katika kazi hiyo ya ini hulimbikiza sumu.

Damu ichukuliwe, iwekwe katika barafu, ifikishwe maabara upesi. Amonia ikizidi, maziwa yasimamishwe kwa muda, atiwe maji ya glukosi mshipani, apewe sodiamu benzoeti, na ikilazimu damu isafishwe kwa mashine. Kila saa ya kungoja huharibu ubongo.

Basi wapangao bajeti za hospitali wasikihesabu kipimo hiki kuwa anasa. Nasi walimu na watumishi wa umma tuwaelimishe wananchi: waliofiwa na kichanga namna hii wamweleze daktari kabla ya uzazi mwingine. Mama hana kosa.