Sista Mkali Wodini, Machozi Nyumbani

Mwezi huu mambo ya wakwe na michango ya harusi nimeyaweka pembeni, maana kuna barua moja imenikaa kichwani tangu niifungue. Kijana mmoja wa Mwanza, mfanyakazi wa benki, ana mchumba anayesoma mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi. Darasani binti anafaulu vizuri tu. Kasheshe imeanza alipopelekwa wodini kwa mazoezi. Kuna sista mmoja anayewasimamia, basi huyo akimwona tu binti anaanza: "Wewe mtoto, nani alikudanganya unaweza kuwa nesi?" Anasema hayo mbele ya wagonjwa na mbele ya wenzake, na yule anayepiga deki naye anasikia. Binti akirudi jioni hali, haongei, simu kazima. Juzi kasema anaacha chuo. Kijana anauliza: amwambie aache, amwambie avumilie, au aende mwenyewe kumkabili huyo sista?

Hilo la kwenda kumkabili tulifute kabla hatujaendelea. Ukitokea pale wodini na tai yako ya benki kumgombeza mkufunzi, atakayelipa ni mchumba wako, na atalipa mpaka siku ya mwisho ya mazoezi.

Hayo mawili mengine ndiyo yenye kazi. Mimi nimesomea mawasiliano, na sindano naiogopa mpaka leo. Lakini dada yangu mkubwa ni muuguzi mkunga, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akisimamia wanafunzi wodini. Basi Jumamosi moja nikaenda kukaa naye jikoni kwake, nikamuuliza bila kuzunguka: hivi nyie kwa nini mko wakali namna hiyo?

Alicheka kwanza. Halafu akachukua kalamu, akachora bomba la sindano nyuma ya risiti ya luku. Insulini ya kawaida, akasema, ina yuniti 100 katika mililita 1. Mgonjwa kaandikiwa yuniti 10, yaani sehemu moja ya kumi ya hiyo mililita. Mwanafunzi mwenye haraka akichukua bomba la kawaida badala ya lile la insulini, akavuta mililita 1 nzima, mgonjwa anapata dozi mara 10. Sukari inashuka, mtu anapoteza fahamu, anaweza kufa kabisa. Akaenda kwenye potasiamu kloridi. Ile ya kwenye kichupa, kabla haijachanganywa kwenye dripu, ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo, na kichupa chake kinaweza kufanana na cha maji ya kuchanganyia dawa. "Sasa niambie mdogo wangu," akasema, "nikiona mkono wa mwanafunzi unaelekea kwenye kichupa hicho, nianze na 'samahani mpenzi'?"

Hapo nilimwelewa. Ila nami nikamwambia langu: sauti ya kuzuia mkono naikubali, hata iwe ya kupasua masikio. Lakini yule anayemwambia binti kwamba hana akili saa mbili baada ya mkono kuzuiwa, tena wakati wa chai, huyo anamwokoa mgonjwa gani? Dada alinyamaza kidogo. Akasema, "Huyo naye alifundishwa hivyohivyo."

Na ni kweli, mambo haya yana ukoo mrefu. Florence Nightingale alipofungua shule yake katika Hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, nidhamu ilikuwa sehemu kubwa ya somo, na vyeo vya wodini vilipangwa kwa ngazi. Desturi ya aliye juu kuagiza na aliye chini kutii ilisafiri na taaluma yenyewe. Mwaka 1986 mwalimu wa uuguzi wa Marekani, Judith Meissner, aliandika makala akiuliza kama wauguzi wanawala watoto wao wenyewe, na msemo huo haujapoa mpaka leo. Wakati huohuo dunia inawatafuta wauguzi kwa tochi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 palikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8. Kwa hiyo binti mmoja akivua sare na kurudi nyumbani, si hasara ya familia yake peke yake.

Sasa tuje kwako wewe binti, maana najua barua hii utaisoma.

Nunua daftari dogo linaloingia kwenye mfuko wa sare. Kila ukurasa upige mstari katikati. Upande wa kushoto andika alichosema, kwa maneno yake, hata kama yanachoma. Upande wa kulia andika kitendo kilichomo ndani ya maneno hayo. Amekuambia una mikono ya kukamulia ng'ombe? Huenda kitendo ni hiki: sikukaza ngozi ya mgonjwa kabla ya kuingiza kanula. Amekuuliza kama uliibiwa mtihani? Huenda ulikwenda kutoa digoksini bila kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika 1 nzima, wakati kwa mtu mzima yakiwa chini ya 60 unasimamisha kwanza dawa na kumwarifu daktari. Matusi yake yaache yakae kushoto. Kulia ndiko kwenye ada ya chuo uliyolipa.

Fanya hivyo wiki 2. Daftari hilo litakuambia kitu ambacho machozi hayawezi kukuambia. Kama upande wa kulia umejaa, una mwalimu mkali mwenye mdomo mbaya, na kutoka kwake utajifunza hata kama humpendi. Kama kulia kweupe, ukurasa baada ya ukurasa, hakuna kinachofundishwa pale. Huo ni unyanyasaji, na dawa yake ni tofauti. Nitaufikia.

Kwa huyu mkali wa kawaida, ujanja mkubwa alionipa dada ni kumwahi. Wanafunzi wengi husimama kando ya kitanda wakisubiri kuulizwa, na kusubiri huko ndiko kunakoua. Hofu ikipanda, kichwa kinakuwa cheupe, hata jina la dawa uliyoisoma jana linapotea. Usisubiri. Usiku wa kuamkia zamu soma dawa 3 tu ambazo wagonjwa wako wanatumia: inafanya nini, madhara yake ni yapi, uangalie nini kabla ya kuitoa. Asubuhi msalimie kwa heshima zake zote, shikamoo Sista, kisha sema: "Naomba nikueleze ninachotaka kufanya kitanda namba 9 kabla sijaanza." Halafu mwage: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi, na kwa nini. Mkufunzi anayesikia mpango wako kabla hujagusa kitu, hofu yake nayo inashuka. Maana naye anaogopa, usimwone vile. Dada kaniambia kuna siku alikuwa na wanafunzi 14 peke yake, na wagonjwa wa wodi nzima wanamwita yeye.

Na ukiulizwa usilolijua, tafadhali usibahatishe. Sema, "Hilo silijui Sista, naomba nikaangalie nirudi nikujibu." Kisha urudi kweli, siku hiyohiyo, hata kama yeye kasahau. Dada anasema mwanafunzi asiyejua hamtishi hata kidogo. Anayemtisha ni yule anayejibu kwa kujiamini kitu ambacho si kweli, kwa sababu huyo kesho atafanya hivyohivyo usiku, yuko peke yake na mgonjwa.

Kuna siku maneno yatazidi. Hapo usijibizane mbele ya mgonjwa, na usikimbilie kwenye grupu la WhatsApp la darasa kummwaga, picha za mazungumzo husafiri haraka kuliko daladala. Subiri zamu iishe, ripoti itolewe, umwombe dakika 5 faragha. Hapa ndipo mimi na digrii yangu ya mawasiliano tunapopata cha kuchangia. Usianze na "wewe huwa unaninyanyasa," maana neno "huwa" linamfanya mtu aanze kujitetea. Taja tukio moja, taja lilivyokufanya, omba kitu kimoja. "Sista, leo asubuhi uliponiambia sifai kuwa nesi mbele ya mgonjwa wa kitanda namba 9, nilipoteza umakini, na baadaye mgonjwa alikataa nimguse. Nikikosea naomba unisahihishe hata kwa ukali, ila la utu wangu tuzungumze pembeni." Wapo watakaocheka na kukutolea nje. Wapo pia ambao hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo maisha yao yote ya kazi, na watashtuka. Dada yangu ni mmoja wa walioshtuka. Binti aliyemwambia hivyo ni muuguzi mwenzake siku hizi, wanabadilishana zamu.

Kaka wa Mwanza, zamu yako. Mchumba akirudi kanyong'onyea, usianze na "si nilikuambia uache?" wala "vumilia tu, hata sisi benki tunafokewa." La kwanza linamvunja, la pili linamnyamazisha. Muulize kama amekula. Mpe maji ya kuoga, mwache akae. Baadaye muulize swali moja tu: "Unataka nikusikilize, au unataka tufikirie la kufanya?" Akisema kusikilizwa, sikiliza na uweke simu chini. Jumapili kaa naye umuulize maswali ya dawa huku karatasi ya majibu iko mkononi mwako, hata kama majina hayo unayatamka kama mlevi. Mtacheka, na kucheka huko kunasaidia kumbukumbu. Ila akikusimulia ya wodini, asitaje jina la mgonjwa wala usimdadisi. Siri ya mgonjwa haifunguliwi hata kwa mchumba.

Suala la kuacha chuo lisiamuliwe usiku, wala siku aliyolia. Mazoezi ya wodini yana mwisho, atahamia wodi nyingine na kukutana na mkufunzi mwingine. Mwekeeni tarehe, mathalani mwisho wa muhula huu, na mpaka hapo mjadala ufungwe. Ikifika tarehe hiyo bado anataka kuondoka kwa sababu kazi yenyewe haipendi, hiyo ni sababu halali na uiheshimu. Lakini kuacha kazi anayoipenda kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja, hapo mimi nitambishia mpaka asubuhi.

Sasa lile daftari lenye upande wa kulia mweupe. Akisukumwa, akipigwa, akitukanwa dini au kabila lake, akinyimwa saini kwenye kitabu cha mazoezi kwa kazi aliyoifanya na wenzake wakaiona, avumilie nini tena? Aandike tarehe, saa, maneno yenyewe na nani alikuwepo. Aende kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo chake, ikishindikana kwa mkuu wa chuo, na apeleke barua yenye nakala anayobaki nayo, si maneno matupu ya koridoni. Akienda na wenzake wawili waliopatwa na hayohayo, ni vigumu kumwita mdeko. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja hata walio mafunzoni. Kwa hiyo hoja kwamba "huyu ni mwanafunzi tu" haina mashiko.

Na kuna lile ambalo mabinti wengi hawaliandiki kwenye barua, hata kwa mchumba hawalisemi. Mkufunzi anasema saini ipo, ila uje uichukue jioni, mahali fulani, peke yako. Huo si ukali na si utani. Ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa. Usiende hata "kumsikiliza anataka nini." Hifadhi ujumbe wake wote kwenye simu, usifute hata mmoja, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, kisha upige TAKUKURU namba 113. Simu hiyo ni ya bure.