Matege Itigi: Jua lipo, tatizo liko wapi?

MTOTO anapoonekana na matege, ushauri wa kwanza mitaani huwa mmoja: aoteshwe jua la asubuhi. Kwa mji wa Itigi, mkoani Singida, ulio takriban nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, ushauri huo unazua swali. Jua linalowaka mwaka mzima limeshindwaje?

Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2012, uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania na kukuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D katika lita moja ya damu. Upungufu mkubwa huhesabiwa chini ya 30. Wahadzabe hao wana ndugu zao wilayani Mkalama, mkoa huo huo wa Singida.

Hivyo daktari hana budi kutazama zaidi ya jua. Nchini Nigeria, utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto wengi wenye matege walipungukiwa kalsiamu kwenye chakula, na waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Ugali bila maziwa wala dagaa hauna kalsiamu ya kutosha.

Lipo pia suala la maji, ambalo kwa Singida ni zito. Mkoa huo umo miongoni mwa ile yenye floridi nyingi ardhini. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza 1.5, kiwango ambacho nchi imekuja kukifuata. Floridi ikizidi huharibu mifupa, na mtoto aliyekosa kalsiamu huathirika zaidi. Meno yenye madoa ya kahawia ni dalili isiyohitaji maabara.

Uchunguzi wenyewe si wa ajabu. Eksirei ya kifundo cha mkono na goti huonyesha ncha za mifupa zilizopanuka na kuchakaa. Damu hupimwa kalsiamu, fosfeti na kimeng'enya cha alkalini fosfatezi. Kwa watu wazima ni vigumu zaidi, kwani maumivu ya nyonga na shida ya kuinuka kitini hudhaniwa kuwa baridi yabisi. Wanaotumia dawa za kifafa kwa muda mrefu, kama fenobabitoni, nao wamo hatarini.

(Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye miguu iliyopinda kidogo, kwa kawaida hana ugonjwa wowote.)

Mzazi anayerudi nyumbani na vidonge vya vitamini D pekee, huku kisima chake hakijapimwa, ataendelea kumchotea mwanawe maji yale yale.